Milimita 19: kujenga upya kinywa baada ya kuondolewa taya la juu

Kisa hiki ni cha mama mmoja aliyekuwa katika miaka ya 50 tulipompokea. Jina, mahali, tarehe na kila kinachoweza kumtambulisha vimeondolewa, na yeye mwenyewe ameridhia kiandikwe. Mimi ni daktari wa meno bandia katika timu iliyomhudumia. Muda wote nimeuhesabu kwa miezi tangu siku ya upasuaji.

Wengi wakisikia vipandikizi vya titani vinavyoshikilia kaakaa la bandia, mawazo yao huenda moja kwa moja kwenye skrubu na mfupa. Nasi yetu yalikwenda huko huko. Kilichotuchelewesha zaidi ni mdomo uliokuwa ukijifunga kidogo kidogo mbele ya macho yetu, bila yeyote kuupima.

Alivyotufikia

Gego lake la juu kushoto lililegea, akaling'oa. Wiki 6 baadaye tundu la jino lilikuwa bado wazi, limejaa nyama nyekundu inayotoa damu ikiguswa. Kinyama kilichochukuliwa kupimwa kilionyesha saratani ya seli bapa. Nikatishe kidogo hapa: kidonda chochote cha kinywani, tundu la jino likiwemo, kisichoonyesha dalili ya kupona ndani ya wiki 3 kinastahili kuangaliwa na mtu anayeijua saratani. Wiki zile 3 za ziada zilimgharimu.

Picha ya CT ilionyesha kuwa uvimbe umekula ufizi wa kushoto, nusu ya kaakaa gumu na sakafu ya sinasi ya shavu (uwazi wenye hewa ulio ndani ya mfupa, kando ya pua), lakini haujafika kwenye sakafu ya jicho. Katika mpangilio wa Brown, unaotumiwa na timu nyingi kueleza pengo la taya la juu, hilo ni daraja la II, herufi b: pengo la upande mmoja lisilogusa jicho. Upande wa kulia alibakiwa na meno 4 tu: la mbele la kati, chonge, na magego 2 yanayotikisika. Meno ya chini yalikuwa karibu yote. Msomaji aliweke akilini hilo la meno ya chini.

Kazi yake ilikuwa ya kuzungumza mbele ya watu kutwa nzima. Siku ya kwanza alileta maswali matatu kwenye karatasi iliyokunjwa, na la kwanza lilikuwa la sauti.

Maamuzi ya kabla ya kisu

Nusu ya taya la juu ikiondolewa, kinywa, pua na sinasi huwa chumba kimoja. Maji yanayonywewa hutokea puani, na hewa ya maneno huvuja kabla neno halijaumbika. Pengo hilo huzibwa kwa njia kuu mbili: kuhamisha nyama na mfupa kutoka sehemu nyingine ya mwili, mara nyingi mfupa mwembamba wa mguu pamoja na mishipa yake ya damu, au kutengeneza kizibo, yaani meno bandia ya juu yenye sehemu iliyotuna inayoingia ndani ya pengo. Kizibo ni cha zamani. Ambroise Paré, daktari mpasuaji wa Ufaransa, alikieleza katika karne ya 16.

Tulipenda mfupa wa mguu. Lakini picha ya mishipa ya miguu yake ilionyesha mishipa iliyobana pande zote mbili, na kuuchukua mfupa ule kungeweza kuuhatarisha mguu wenyewe. Tukaamua kutumia kizibo.

Shida ya kizibo ni kitakachokishika. Mtu mwenye meno mengi upande uliobaki hukifunga kwenye meno hayo kwa vibanio vya chuma. Huyu angebakiwa na meno mawili ya mbele. Kizibo kizito kinachoning'inia kwenye meno mawili hufanya kazi kama mtaimbo: kila akitafuna, upande wa pengo unapanda na meno yale yanapinda, na baada ya mwaka au miwili yanang'oka nayo. Kwa hiyo tulijua tangu mwanzo kwamba atahitaji vipandikizi.

Swali likawa: lini? Daktari mpasuaji alipendekeza viwekwe siku ile ile ya kuondoa taya, mfupa wa shavu ukiwa wazi mbele ya macho na kabla mionzi haijaugusa. Mimi nilipinga. Nilihofia kwamba kingo za nyuma za uvimbe zingeweza kukutwa bado na saratani na tukalazimika kurudi, na kwamba kidonda kikichelewa kupona, mionzi nayo ingechelewa. Timu ilinisikiliza.

Upasuaji na wiki za mwanzo

Kabla ya upasuaji nilichukua chapa, yaani nakala ya umbo, ya taya lake la juu, na fundi wa maabara akatengeneza bamba la akriliki (plastiki ngumu) la kufunika kaakaa. Bamba hilo lilifungwa kwa skrubu ndogo hapo hapo kwenye chumba cha upasuaji, likashikilia bandeji zilizojazwa kwenye pengo.

Jambo moja la siku ile nalisimulia kila nikifundisha. Mpasuaji hakukata mfupa katikati ya meno mawili ya mbele. Aling'oa kwanza jino la kati la kushoto, kisha akapitisha msumeno katikati ya tundu lake. Ukuta wa mbali wa tundu lile ukabaki umeliegemeza jino la jirani upande wa kulia. Angepitisha msumeno ubavuni mwa jino lile, lingebaki halina mfupa upande mmoja na lisingemaliza mwaka. Hadi leo lipo.

Magego 2 yaliyolegea yaling'olewa siku ile ile, kwa sababu kung'oa jino kwenye mfupa uliokwisha pigwa mionzi kunaweza kuufanya mfupa ufe. Sehemu ya ndani ya shavu ilifunikwa kwa ngozi nyembamba kutoka pajani. Bila ngozi hiyo shavu hupona kwa kovu linalojikunja kama karatasi karibu na moto, na kizibo hakipati pa kuegemea.

Siku ya 8 bandeji zilitolewa. Nilimpa kizibo cha muda siku hiyo hiyo, hakuondoka na pengo wazi hata saa moja. Kingo za uvimbe zilirudi safi kutoka maabara. Wiki ya 6 alianza mionzi: grei 60 (grei ni kizio cha dozi ya mionzi) kwa vipindi 30, wiki 6.

Miezi ambayo hatukupima

Kabla ya upasuaji mdomo wake ulifunguka milimita 41 kati ya ncha za meno ya juu na ya chini. Namba hiyo imo kwenye faili kwa mwandiko wangu. Namba inayofuata imeandikwa mwezi wa 7.

Katikati hapo alionwa na watu wengi. Idara ya mionzi ilimwona kila wiki na kuandika habari za vidonda vya kinywa na uzito. Mpasuaji alimwona kila mwezi, akachungulia ndani ya pengo kutafuta dalili za saratani kurudi. Mimi nilimwona mara 5 kurekebisha kizibo cha muda. Kila mmoja wetu alidhani mdomo kufunguka ni jukumu la mwingine.

Mwezi wa 7 nilitaka kuchukua chapa ya maandalizi. Nikanyanyua sinia la chapa, dogo kuliko yote niliyo nayo, na halikuingia. Nikachukua rula. Milimita 19.

Nikamuuliza tangu lini. Akaniambia, tena akininong'oneza kama anayenifichia aibu, kwamba kizibo alikuwa akikitoa kwa kukigeuza kiubavu, na kwa wiki mbili zilizopita alikuwa halali nacho wala hakioshi kila siku kwa sababu kukirudisha kulimtoa machozi. "Sikutaka kukusumbua, daktari. Nilidhani ndivyo inavyokuwa."

Ndivyo inavyokuwa asipoonywa mtu. Misuli ya kutafuna iliyo nyuma ya taya la juu ilikatwa sehemu, ikapigwa mionzi, ikaanza kugeuka kovu. Kwa kawaida tunasema mdomo umekaza ukifunguka chini ya milimita 35, na mkazo wa mionzi huongezeka hasa katika miezi ya kwanza baada ya tiba. Mazoezi yalitakiwa kuanza kabla ya mionzi.

Tulianza na vijiti bapa vya mbao, vile vya kukandamizia ulimi. Kila kimoja kilikuwa na unene wa milimita 1.6 hivi. Vijiti 12 vikibanwa pamoja viliingia kwa shida. Mazoezi yalikuwa kuviweka kati ya meno, kusubiri dakika chache misuli ilegee, kisha kusukuma kimoja zaidi katikati ya fungu. Mara 5 kwa siku. Alivifunga kwa mpira na kuandika idadi kwa kalamu kwenye kijiti cha juu. Baada ya miezi 4 alifika 18, yaani karibu milimita 29. Hapo mdomo ukagoma.

Vipandikizi

Per-Ingvar Brånemark, aliyegundua kuwa mfupa unashikamana na titani na akamwekea mgonjwa wa kwanza vipandikizi vya meno mwaka 1965, ndiye pia aliyeanzisha vipandikizi virefu vya mfupa wa shavu, na miongoni mwa waliokusudiwa tangu awali ni watu waliopoteza taya kama mama huyu. Kipandikizi cha kawaida kina urefu wa kama milimita 8 hadi 15. Cha shavu huanzia 30 na kupita 50, na hujishika kwenye mfupa ulio chini ya kona ya nje ya jicho.

Tulisubiri hadi mwezi wa 15, mwaka mmoja tangu mionzi iishe. Kabla ya hapo niliomba ramani ya dozi kutoka idara ya mionzi. Ramani hiyo huwa ipo kwenye kompyuta zao na ni nadra sisi wa meno kuiomba. Ilionyesha kuwa mfupa wa shavu la kushoto ulipata kati ya grei 48 na 58, na ufizi wa kulia ulipata chini ya 30. Mfupa uliopita grei 50 hivi hushika titani kwa kusuasua zaidi, kwa hiyo upande wa kushoto tulipanga kuupa miezi 6 ya kupumzika.

Mpango ulikuwa vipandikizi 4: virefu viwili kwenye shavu la kushoto, vya kawaida viwili upande wa kulia. Tulichapa mfano wa fuvu lake kwa printa ya 3D tukafanya mazoezi juu yake. Mfano ule ulikuwa mzuri, lakini haukuwa na taya la chini.

Kwenye chumba cha upasuaji, kipandikizi cha mbele kushoto kilienda vizuri. Cha nyuma, mpasuaji alipoelekeza mashine ya kutobolea kwenye pembe tuliyoipanga, kichwa cha mashine kiligonga meno ya chini. Akajaribu kutoka pembeni, ikagonga tena. Mdomo wa milimita 29 haukuwa na nafasi. Mwishowe aliinamisha pembe kuelekea ndani. Kipandikizi kilishika imara, ila kichwa chake kilitokea milimita 8 ndani zaidi ya mahali meno yangekaa, karibu na ulimi. Niliona pale pale kwamba kizibo changu kitakuwa na nundu.

Mwezi wa 18 kipandikizi kimoja cha kulia kilitikisika. Hiki kilikuwa upande uliopata mionzi kidogo, kwenye mfupa mzuri. Nilipokigeuza kizibo chake cha muda nikaona alama iliyong'aa juu ya akriliki, duara dogo kama punje ya mtama, pale hasa kilipokalia kofia ya kipandikizi. Nilikuwa nimechimba nafasi kidogo mno. Kwa miezi 3 kila tonge lilikisukuma. Kosa hilo ni langu peke yangu. Tulikitoa, tukaweka kingine mwezi wa 19 pembeni kidogo, na safari hii nilichimba akriliki hadi nikaona mwanga, kisha nikajaza silikoni laini.

Kutengeneza kizibo cha mwisho

Mwezi wa 24 vipandikizi vyote 4 vilikuwa vimeshika. Chapa ilichukuliwa kwa sinia la vipande viwili vinavyounganishwa ndani ya kinywa, kwa kuwa sinia zima lisingepita. Matundu ya ndani kabisa ya pengo yalizibwa kwa shashi yenye vaselini, iliyofungwa uzi mrefu unaoning'inia nje ya mdomo. Chapa ikiingia kwenye kona hizo na kukauka, haitoki ila kwa kisu. Nayo shashi isiyo na uzi inaweza kusahaulika puani.

Vipandikizi viliunganishwa kwa upau mmoja wa titani uliochongwa kwa mashine. Virefu vya shavu havitakiwi kusimama peke yao, kwa kuwa shingo zao ndefu huyumba. Vikifungwa pamoja na vya upande wa pili vinasaidiana. Upau tuliujaribu kwa kukaza skrubu moja tu ya mwisho na kutazama ncha ya pili. Mara ya kwanza ncha ilinyanyuka kwa unene wa kucha, hivyo ukarudi maabara. Mara ya pili ulilala bila mwanya.

Sehemu iliyotuna ilitengenezwa tupu ndani. Kizibo cha muda kilikuwa na gramu 61. Hiki kilikuwa na 34. Umbo lake tulilipata kwa kuweka nta laini na kumwambia ameze, ageuze kichwa kushoto na kulia, ainamishe kidevu, kisha aongee.

Kwa lugha yetu kuna kipimo rahisi mno. Pengo likivuja, hewa ya "b" hutokea puani na neno "baba" husikika "mama". "Dada" huwa "nana". Nilimketisha, nikashika kioo kidogo chini ya pua yake, nikamwambia arudie "baba, dada, papa". Kioo kikipata ukungu, nta inaongezwa. Tuliongeza mara 6. Ya 7 kioo kilibaki kikavu na "baba" akawa baba. Alirudia neno hilo mwenyewe mara kadhaa, bila kuambiwa.

Alikabidhiwa kizibo mwezi wa 26. Mwanzoni nilimwambia itachukua "kama mwaka hivi".

Hali ilivyo

Sasa ni miezi 18 tangu akabidhiwe. Saratani haijarudi. Hunywa maji bila kuvuja akikaa wima. Akiinama sana hupenya matone. Hula pande zote mbili, ingawa vigumu hupeleka kulia. Vibanio vya plastiki vinavyoshika upau vimebadilishwa mara mbili, jambo la kawaida. Mdomo hufunguka milimita 31 na bado anafanya mazoezi ya vijiti.

Kipimo chake mwenyewe ni simu. Miaka miwili alikuwa akijibu watu kwa maandishi tu. Wiki ya pili ya kizibo kipya alinipigia kuuliza siku ya miadi, miadi ambayo alikuwa ameandikiwa kwenye kadi.

Uchambuzi

Yaliyosaidia zaidi yalifanyika siku ya upasuaji wa kwanza, kabla sijagusa chochote cha kudumu: msumeno kupita katikati ya tundu la jino, ngozi ya ndani ya shavu, magego kung'olewa kabla ya mionzi. Hayakuongeza hata saa moja, na yasingerekebishika baadaye. Daktari wa meno bandia akiitwa baada ya taya kuondoka, kazi yake inakuwa kuvumilia alichokikuta.

Makosa yetu yanafuatana kama shanga kwenye uzi. Mdomo haukupimwa, ukakaza. Mdomo uliokaza ukazuia mashine, mashine ikapindisha kipandikizi, kipandikizi kikazaa nundu ambayo ulimi wake unakutana nayo kila akitamka "l" na "r". Milimita chache ambazo mazoezi ya mapema yangeweza kuziokoa zimo ndani ya kila sentensi anayosema. Tangu hapo rula ya karatasi imebandikwa ndani ya jalada la kila faili la mgonjwa wa taya, na yeyote anayemwona mgonjwa, wa idara yoyote, huandika namba na tarehe. Mazoezi huanza wiki mbili baada ya upasuaji, kidonda kikiruhusu. Mfano wa fuvu tunauchapa pamoja na taya la chini, likiwa limefunguka kwa kipimo halisi cha siku hiyo.

Kuhusu kupinga kwangu vipandikizi vya siku ya kwanza, nimelifikiria sana. Hofu yangu ya kingo haikuwa ya bure; zingerudi na saratani, titani ingekuwa njiani. Pia chuma ndani ya eneo la mionzi hutawanya dozi kwenye nyama inayokigusa, na lazima wapangaji wa mionzi wajulishwe. Lakini nilipima hatari za kuweka peke yake, sikupima hatari za kungoja. Mfupa ulikuwa haujaguswa na mionzi, mdomo ulifunguka milimita 41, na pengo lilikuwa wazi kiasi kwamba pembe yoyote ingefikika. Kwa mgonjwa kama huyu, ambaye uvimbe haukufika jichoni na mionzi ilijulikana kuwa lazima, leo ningekubaliana na mpasuaji. Ambaye uvimbe wake umeenea nyuma kwenye misuli, bado ningesubiri.

La "kama mwaka hivi" nalo lilimuumiza. Alipanga kurudi kazini kwa hesabu hiyo, akaaga na kuahirisha mara tatu. Sasa mgonjwa namwambia miaka miwili na zaidi, na namwandikia hatua zote kwenye karatasi, pamoja na ile ya kipandikizi kushindwa.

Limebaki suala la kipandikizi cha nyuma kushoto. Nyama inayokizunguka huvimba kidogo mara kwa mara, na nundu ipo. Ingewezekana kukifungua kutoka kwenye upau, kukizika chini ya ngozi na kutengeneza upau mwingine juu ya vitatu vilivyobaki. Tulimweleza faida za kukiacha na za kukizika, na kwamba kukizika kungekuwa miezi mingine 3 au 4 ya kizibo cha muda. Alipitisha ulimi juu ya nundu huku akituangalia, kisha akasema, "Niachieni, daktari. Nimeshaizoea njia yake." Anarudi kila baada ya miezi 3 tukisafishe.